Baridi ya Lushoto inaandaliwa mchana

Ndugu na mashoga zangu wa Tanga mjini wananiuliza sana, vipi huko mlimani, mnaishije na hiyo baridi, watoto hawaumwi? Nimejibu kwenye simu mpaka nimeona bora niandike niweke hapa kila mwenye kutaka asome, hasa yule mwenye mpango wa kuhamia huku juu au ameolewa huku na bado hajapanda, maana mengi ninayoyajua sasa hivi hakuna mtu aliyeniambia kabla.

Mie mzaliwa wa Ngamiani, hapo Tanga mjini. Mume wangu Msambaa, na baba mkwe alipofariki mama mkwe akabaki peke yake kwenye nyumba ya mlimani, mbele huko ukishapita Magamba, shamba kubwa, ng'ombe wawili, mgongo unamuuma. Tukakaa tukaongea, tukaona hakuna namna, tukafunga mizigo na watoto tukapanda. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma na bati, vyumba vina sakafu ya saruji, jiko liko nje peke yake, la miti na udongo, mafiga matatu katikati. Maji ni ya mserereko kutoka chemchemi, yanakuja yanakatika. Umeme wetu ni sola ya taa na kuchajia simu basi. Choo kiko nje, na usiku wa mwezi wa saba kutoka kitandani kwenda chooni ni safari ya kujiandaa kweli.

Kwanza mjue tofauti ilivyo. Tanga mjini tuko usawa wa bahari. Ukifika Mombo unaacha barabara kuu inayokwenda Arusha unaanza kupanda, kilomita kama 33 za kona tupu mpaka Lushoto mjini, unapita Soni unaona yale maporomoko, na Lushoto yenyewe iko kama mita 1,400 juu ya bahari, sisi tuko juu yake tena, tunakaribia 1,800. Hewa inapoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo piga hesabu, siku hiyo hiyo na saa hiyo hiyo nyinyi mnajipepea kibarazani sisi tuko chini yenu kwa nyuzi 10 au 11, na hapo hata kipupwe hakijaingia. Wajerumani walipokuja waliipenda hali hii, Lushoto wakaipa jina la mfalme wao wakaiita Wilhelmstal, walikuwa wanapanda kukimbia joto la pwani, na nyumba zao za wakati ule zilijengwa na dohani kabisa ya moshi kwa sababu walijua wanakwenda kuwasha moto ndani. Sisi wa pwani hatujui kujenga hivyo wala hatujui kuishi hivyo, nyumba zetu zote zimetengenezwa kutoa joto, madirisha makubwa, baraza, upepo upite. Huku unatakiwa ujue kulitunza, na hilo ndo somo lenyewe.

Jambo kubwa nililojifunza kwa mama mkwe ni kwamba baridi ya usiku huku inashughulikiwa mchana. Ukisubiri giza liingie ndo uanze kutafuta blanketi umeshachelewa, kwa sababu kila kitu ndani ya nyumba kitakuwa kimeshapoa na kimeshanyonya unyevu. Yeye asubuhi ukungu ukishaondoka, saa nne saa tano hivi, jua likitokeza tu anaita wote, toeni mablanketi, toeni godoro, fungueni madirisha. Hata kama jua litakaa nusu saa halafu lifunikwe tena, nusu saa hiyo haipotei. Mwanzoni nilidhani ni usafi tu, wazee wanavyopenda kuanika. Kumbe blanketi lenye unyevu halina joto, maji yanatoa joto mwilini haraka mno kuliko hewa, na kila usiku mtu anapumua na kutoka jasho kidogo hata kama hajisikii, ule unyevu unabaki kwenye godoro, kesho unaongezeka, keshokutwa tena, wiki ikiisha unalala kwenye kitu chenye majimaji na unajiuliza mbona blanketi tatu hazitoshi. Likianikwa, moja linatosha na la pili la akiba. Na saa tisa mchana vyote viwe vimerudi ndani na madirisha yamefungwa, wakati nyumba bado ina joto la jua. Ukisahau mpaka saa kumi na moja ukungu unarudi na unaingia nao ndani.

Na chini ya mwili ni muhimu kuliko juu. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu sisi tunaweka shuka moja tukalundika mablanketi juu. Godoro la sponji likigandamizwa na mwili linakuwa jembamba, baridi inapanda kutoka chini usiku kucha. Tandika mkeka kwenye chaga za kitanda, godoro, halafu blanketi zito, ndo shuka. Watoto wangu walikuwa wanaamka saa tisa usiku wanalia miguu, tangu tulivyowatandikia hivyo wanalala mpaka asubuhi. Jambo lingine, nguo ulizoshinda nazo usilale nazo hata kama unaziona kavu, badilisha zote mpaka soksi. Na maji ya moto kwenye chupa nzuri isiyovuja, umeifunga kwa kitenge, iweke miguuni dakika kumi kabla hujapanda kitandani.

Bati nalo lina mambo yake. Usiku mbingu ikiwa wazi, nyota zote zinaonekana, bati linapoa kuliko hata hewa yenyewe, na pumzi zetu na mvuke wa chai vikipanda vikaligusa vinageuka maji, asubuhi yanadondoka matone kitandani unadhani mvua imenyesha. Tulivyopiga dari tukaona tofauti usiku huo huo. Tulitumia mbao za paini, huku kuna shamba la miti la Shume kwa hiyo paini hazisumbui kupatikana, juu yake fundi akatandaza magunia matupu ya katani, na pembeni karibu na ukuta akaacha upenyo mdogo wa hewa kutoka. Ule upenyo nusura niuzibe kwa matambara, mama mkwe akanizuia, akasema nyumba isiyopumua inaota kuvu. Ni kweli, jirani yetu mmoja kaziba kila tundu na kuta zake zimekuwa nyeusi, mtoto wake kifua hakiishi.

Sasa kuni. Kuni huku ni elimu jamani. Pwani unanunua mkaa wa kopo unapika unamaliza, huku kuni unazoona zinawaka leo zilikatwa miezi mingi nyuma. Kuni mbichi nusu yake ni maji, moto wote unaishia kuyachemsha yale maji kabla haujakupa wewe chochote, unapata moshi, machozi na chai ya vuguvugu. Mama mkwe anakata na kupasua baada ya masika, hapangi kuni kwenye ardhi tupu, anaweka magogo mawili chini ndo anapanga juu yake, anafunika juu tu kwa bati bovu na pembeni anaacha wazi upepo upite. Nimeona watu wanafunika lundo zima kwa turubai, zinaoza ndani humo humo. Anaupenda muwati, ule mti ambao gome lake lina tanini ya kusindika ngozi, unawaka vizuri na makaa yake yanakaa. Mkaratusi unawaka kwa fujo lakini unaisha upesi, huo anawashia tu. Na za kutumia wiki hiyo zinapandishwa kwenye uchaga juu ya mafiga, moshi na joto vinamalizia kuzikausha, hapo hapo juu yananing'inia na mahindi ya mbegu, moshi unafukuza dumuzi. Ukigonga kuni mbili zilizokauka zinalia kwa sauti kali, mbichi zinatoa sauti nzito iliyokufa. Siku hizi mie mwenyewe nagonga kabla sijanunua hata mzigo mmoja, na wauzaji wananijua.

Moshi ndo kitu ambacho mie na mama mkwe hatukukubaliana haraka. Jiko lake lilikuwa halina dirisha, moshi unatokea mlangoni na kwenye upenyo wa paa, na yeye anasema moshi ndo unatunza nyumba, mchwa hawali miti, paa linadumu. Na ni kweli, nguzo za jiko lile ni za zamani na hazijaliwa. Lakini nilikuwa namuona anavyokohoa alfajiri, namuona na mtoto wangu mdogo anavyopikicha macho, na hili halina ubishi, moshi wa kuni ndani ya jiko lililofungwa unaharibu mapafu, watoto wadogo ndo wanaopata nimonia kirahisi zaidi. Sikutaka kumvunjia heshima jikoni kwake. Nilimwambia mume wangu, akaongea naye kama mwanawe, taratibu, wakakubaliana litobolewe dirisha dogo juu upande usio na upepo na mafiga yasogezwe usawa wake. Uchaga ukabaki, mahindi yakabaki, moshi sasa una njia. Kikohozi hakijaisha chote lakini kimepungua, na yeye mwenyewe ndo anawaonyesha wageni lile dirisha. Mwakani tunataka jiko banifu lenye bomba, kuni zenyewe zitatumika kidogo.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri wote, hata asiyesoma pengine asome hapa. USIINGIZE JIKO LA MKAA CHUMBANI UKALALA NALO. Watu wanafanya sana huku msimu wa baridi, unawasha mkaa nje, ukishakolea na moshi umeisha unaona sasa ni salama, unaingiza ndani unafunga mlango. Moshi umeisha lakini ile hewa ya sumu, kabonimonoksaidi, haina rangi wala harufu, na mkaa mwekundu ule usio na moshi ndo unaitoa sana. Inashika damu mahali ambapo hewa safi inatakiwa ikae. Unaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, unasikia usingizi mzito, na ule usingizi watu hawaamki. Ikitokea mtu yuko hivyo mtoe nje kwanza apate hewa, jiko baadaye, halafu hospitali. Kwetu sheria ni moja, moto wote unabaki jikoni nje, mgeni na mwenyeji.

Kupika kwenyewe kulinibadilishia kila kitu. Maharage, kwa mfano. Huku juu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye kimo chetu ni kama 94 tu, hewa ni nyepesi haikandamizi maji sawasawa. Kwa hiyo unaona sufuria inatokota vizuri kabisa lakini maharage yanaiva kwa joto dogo kuliko la Tanga, na ukiongeza kuni haisaidii, maji hayapandi zaidi ya hapo, unamaliza kuni tu. Dawa ni kuloweka tangu usiku, mfuniko mzito usioruhusu mvuke, na subira, au sufuria la presha kama unalo. Ndo maana pure, haya makande ya Kisambaa, yanawekwa motoni mapema sana asubuhi na watu wanakwenda shamba, moto mdogo wa gogo moja, wakirudi yameiva. Nikaelewa mbona chakula cha huku kiko hivyo, magimbi, viazi, mahindi na maharage, vitu vya kukaa tumboni na kukaa motoni.

Maandazi yalinisumbua. Pwani unakanda usiku, asubuhi unga umejaa bakuli. Huku asubuhi unga umekaa vile vile, hamira imelala na baridi. Sasa nakanda kwa maji ya uvuguvugu, nafunika, nalizungushia bakuli kanga mbili naliweka kwenye kikapu pembeni ya mafiga yenye majivu ya moto, sio karibu sana. Baada ya saa tatu au nne unakuwa tayari. Mafuta ya nazi nayo, mnajua ya nazi yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda, kwa hiyo huku miezi mingi ni meupe magumu kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, hayatoki. Yahamishieni kwenye kopo lenye mdomo mpana kabla hamjaja. Chumvi inalowa, weka punje za mchele ndani yake na kopo likae juu ya uchaga.

Kuoga ni saa saba mchana. Hilo nalo nililipinga, mie nimezoea kuoga asubuhi na jioni kama mtu wa pwani yeyote, joto linakulazimisha. Huku tunajaza madumu meusi tunayapanga ukutani upande wa jua tangu saa tatu, saa saba maji yameondoka ubaridi, unaongeza birika moja la moto inatosha watu wawili. Jioni ni miguu, uso na mikono, na udhu wa alfajiri mama mkwe ananichemshia maji usiku anayaweka kwenye chupa ya chai, asubuhi bado yana joto. Sijawahi kumuomba. Aliona tu siku ya kwanza natawadha kwa maji ya bomba natetemeka, kesho yake nikakuta chupa mlangoni, na mpaka leo.

Nguo za baridi msinunue mjini kwa bei za mjini. Kuna magulio huku, mitumba ya masweta inamwagwa chini, na ukijua kuchagua unapata kitu cha miaka. Sweta la sufu halisi likilowa kidogo bado linatunza joto, la akriliki linang'aa vizuri lakini upepo unapita. Pamba ndo mbaya kuliko zote ukitoka jasho shambani, inashika maji inakuganda mgongoni. Na nyembamba mbili tatu zinashinda nene moja, kwa sababu hewa inayokaa katikati ndo inayotunza joto. Kanga zangu zote nilizokuja nazo zimepata kazi, moja ndani ya sweta, moja kichwani, moja kiunoni juu ya sketi, na huku hakuna anayekushangaa.

Malaria watu wanauliza. Ni kweli iko kidogo kuliko bondeni, kwenye baridi vimelea vinachelewa kukomaa ndani ya mbu, lakini chandarua tumefunga, maana tunashuka Mombo na Tanga tunarudi.

Kinachonigusa zaidi, na hiki sikukitegemea, ni jioni. Mjini saa moja usiku kila mtu kwenye kona yake na simu yake. Huku saa kumi na mbili na nusu wote tuko jikoni kwa sababu joto liko sehemu moja tu. Mume wangu anamenya viazi, hajawahi kumenya kiazi Ngamiani. Binti yangu mkubwa anafanya hesabu zake kwenye kigoda, taa ya sola imening'inizwa kwenye uchaga, bibi yao anawasimulia habari za Mbegha, yule mwindaji aliyekuwa mfalme wa kwanza wa Wasambaa, na wafalme wa Vugha kwa Kisambaa na Kiswahili vimechanganyika, na watoto wangu ambao mwaka jana walikuwa hawajui hata kumwamkia bibi yao kwa lugha yake sasa wanamkatisha, hapana bibi, jana ulisema alimuua simba kwanza. Sina cha kulinganisha na hicho. Baridi ndo imetukusanya, tungekuwa na joto kila chumba kila mtu angekaa chumbani kwake.

Sisemi ni rahisi. Mwezi wa saba ukungu ukikaa siku nyingi mfululizo bila jua nguo hazikauki, blanketi hazianikwi, mkono unauma kufulia, barabara inateleza bodaboda hawapandi, na mtu wa pwani roho inasinyaa, unatamani uione bahari hata dakika moja. Siku hizo napiga simu nyumbani naongea muda mrefu. Wenzangu mnaopokea, ahsanteni sana.

Mama yangu mzazi kasema kipupwe hiki atapanda kutusalimia, na wawili watatu nyumbani wanataka kumsindikiza. Mama ana presha, na baridi inaipandisha, kwa hiyo aje na dawa za muda wote atakaokaa na azidishe kidogo. Sweta na soksi avae akiwa Mombo kabla gari halijaanza kupanda, asisubiri kufika. Alete nazi za kutosha na ng'onda, huku sivipati kama nyumbani, sisi tutampa viazi, karoti na plamu za kushuka nazo kama zitakuwepo. Atalala chumba kilichopigwa dari. Wanaokuja naye naomba mniambie mapema mko wangapi, magodoro lazima yaanikwe kabla hamjafika na jua la mwezi wa saba halina ahadi.